Kiapo Hakichekechwi

Ndiva ya Kwamzava ilijifungua yenyewe asubuhi, watu wakiwa bado na vikombe vya uji mkononi, na maji ya mwezi mzima yakateremka korongoni kwa kishindo kilichosikika mpaka mjini Kwalutu. Hakufa mtu. Walikwenda mbuzi wawili, mizinga ya nyuki na shamba la mahindi la bwana mmoja ambaye hata hivyo alikuwa hapatani na mtu. Lakini ule ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua ya maana, na kwetu mlimani ndiva ndiyo bwawa, ndiyo ghala, ndiyo maisha. Ikikauka, watu huketi matanga. Kabla ya saa nne nilikuwa mbele ya Baraza la Maji, wao wamekaa, mimi nimesimama, na mguu wangu wa kulia unatikisika kama ufanyavyo kila ninapotakiwa kutulia.

"Tueleze kibinadamu, Namkunda," alisema Mzee Senkondo, mwenyekiti. "Mambo ya mitambo waachie mitambo."

Nikajaribu. Nikawaambia kompyuta huweka namba kwenye vyombo vya aina mbili. Chombo kimoja kina nafasi ya alama ya kutoa, kingine hakina. Kisicho na alama kinafaa kuhesabia vitu ambavyo haviwezi kuwa chini ya sifuri: watu, milango, mbuzi. Ukikitilia hasi mbili hakikatai wala hakipigi kelele. Kinazunguka tu, kama mita ya pikipiki kuukuu ikirudishwa nyuma kupita sifuri: inaonyesha tisa tupu. Sasa, kina cha maji Kwamzava hupimwa kuanzia kwenye Mstari, alama ya akiba iliyo ukutani, na asubuhi ile maji yalikuwa vidole viwili chini ya Mstari. Kipimo kikasema hasi mbili. Programu ya lango, iliyokuwa imeshika chombo kisicho na alama, ikasoma bilioni nne na ushei. Ikaamini ni gharika. Ikafungua lango ili kuuokoa ukuta.

"Na Chekeche ilikuwa wapi?" aliuliza mmoja wao, akinitazama kama vile Chekeche ni mbwa wangu na nimemwacha bila kamba.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Chekeche ndiyo kazi yangu. Kila programu inayogusa maji, damu au pumzi mlimani hupitishwa humo kwanza, na mimi ndiye ninayeamua matundu yawe na ukubwa gani. Kila kanuni ina ngazi tatu: kimya, onyo na katazo. Kanuni ya kuchanganya namba zenye alama na zisizo na alama ilikuwa kwenye onyo. Michanganyiko ya namna hiyo imejaa kila mahali, na mingi yake haijawahi kumdhuru hata sisimizi. Ukiikataza yote, waandishi wa programu watatumia miaka yao kurekebisha visivyovunjika.

Ila onyo, kwetu, lina mlango wa uani. Mwandishi akiona onyo halimhusu, huandika kiapo juu ya mstari wake: naapa namba hii haishuki chini ya sifuri. Kisha jina. Chekeche ikikuta kiapo, inapita bila kugeuka.

Hilo halikubuniwa na wahandisi. Limetoka kwenye mifereji. Wazee wetu walileta maji kutoka msituni kwa kugawana urefu wa mfereji na kuapiana, na mtu akishaapa kwamba kipande chake hakivuji, kwenda kukichungulia ni kumwita mwongo mbele ya watoto wake. Vitukuu wao walipoijenga Chekeche, wakaipa adabu ileile. Kiapo hakichekechwi. Mtoto wa Kwalutu huyasikia maneno hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Palikuwa na kiapo," nilisema. "Mwandishi aliapa kuwa maji hayashuki chini ya Mstari. Na hakusema uongo, wazee. Maji ya chini ya Mstari ni ya wasiozaliwa. Nani hapa amewahi kuyachota?"

"Hakuna," alisema Mzee Senkondo kwa ukali. "Hata safari hii hakuna aliyeyachota. Ni jua."

"Jua halikuapa, mzee."

Hakupenda. Wakainamiana, wakanong'ona, na walipoinuka walikuwa wamekwisha kata shauri. Kanuni ile ipande kuwa katazo. Viapo visitambulike. Kuanzia adhuhuri, na kwa programu zote, zilizokwisha kuwa kazini na zijazo. Itakayokataliwa isimame mpaka irekebishwe.

Mwaka juzi nilipoomba nusu ya hilo walinicheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sasa baraza zima lilikuwa linaona ung'ongo chini ya kila kiti. Ningepaswa kufurahi.

"Na hospitali?" niliuliza.

Wote walijua ninauliza nini. Kaka yangu Kajiru ana figo zilizokufa, na damu yake husafishwa kwa mashine. Zamu yake ilikuwa mchana ule. Iliyotangulia aliikosa kwa sababu ya umeme, na daktari hakutuzungusha: akiikosa na hii, tujiandae.

"Hospitali tumeifikiria," alisema Mzee Senkondo, sauti yake ikilainika. Si mtu mbaya. "Wewe mkaguzi mkuu ukiiapia programu yote, Chekeche itairuka. Kipengele hicho tumekibakiza. Aliyeandika ile ya mashine za damu si Mrutu, shemeji yako?"

"Ndiye."

"Unamjua kuwa mtu makini?"

"Hakuna makini kama yeye."

"Basi apa, mwanangu, yaishe. Tukanywe chai."

Fomula ya kiapo ni sentensi moja. Ningeisema nikiwa palepale, na Kajiru angelazwa kwenye kitanda chake akipiga soga na wauguzi. Nilifungua mdomo. Kilichotoka kilinishangaza hata mimi.

"Sijaisoma, mzee. Nikishaisoma nitaapa."

Watu tisa walinitazama kama niliyetema mate kwenye kisima. Kusoma mistari iliyoapiwa, tena ya shemeji. Nikatoka nje kabla hajapatikana wa kusema neno.

*

Adhuhuri niligeuza kanuni kwa kidole changu mwenyewe. Kisha nikashika njia ya hospitali, ambayo iko juu, kwa sababu waliojenga mji huu waliamini wagonjwa wanahitaji upepo na wazima wanahitaji mazoezi.

Sikuwa nimefika mbali nilipoanza kusikia mji ukisimama. Kwanza pampu za bomba la soko, ambazo mngurumo wake umezoeleka hata watu wameusahau. Ukimya wake ukawafanya wote wageuke. Kisha nyavu za ukungu. Zimetandazwa kwenye ukingo wote wa mlima, na injini ndogo huzigeuza kufuata upepo ili zikamate unyevu; ziliganda zikitazama upande usio na ukungu. Kisha feni za njia ya chini ya mwamba, na watu wakatoka humo wakijipepea na kuwatukana wahandisi wote, waliokufa na waliobaki. Mimi nilijua kwamba karibu kila kilichosimama hakikuwa na kosa lolote. Feni ililinganisha mizunguko yake na namba ya kikomo, moja ina alama, nyingine haina, na zote mbili haziwezi kuwa hasi hata dunia igeuke. Chekeche haijui hivyo. Chekeche inaona vyombo viwili visivyofanana na inafunga mlango.

Watu wa Kwalutu hawana haja ya kuuliza mkaguzi mkuu ni nani.

"Namkunda, umetuzimia nyavu," aliniambia mwanamke mmoja mwenye ndoo mbili tupu, bila hata salamu.

"Ni baraza, dada."

"Kidole ni cha baraza?" Akaweka ndoo chini ili anitazame vizuri. "Chekeche lako leo limechekecha mpaka unga wenyewe umebaki juu. Sasa tule nini, matundu?"

Nikaongeza mwendo. Alikuwa amelisema kwa ufupi kuliko hotuba zangu zote. Tundu likiwa kubwa, jiwe linapita na kuvunja jino la mtu. Likiwa dogo, watu wanalala njaa, na kesho yake watu wenye njaa watatoboa chekeche kwa msumari. Nimewaona wakitoboa. Kila nilipokaza kanuni yoyote, viapo viliongezeka, vya haraka haraka, vya kunakili, viapo visivyofikiriwa hata kwa muda wa kupiga chafya. Na kila nilipolegeza, nilikaa nikisubiri Kwamzava yangu. Kazi hii haina siku ya kulala ukasema leo mambo yako sawa.

*

Wodi ya damu ina vitanda vinne na mashine nne, na zote zilikuwa na taa nyekundu. Kajiru alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameegemea mto, kwikwi zikimkata maneno. Karibu naye alikuwa Bi Nanzia, mgonjwa mwenzake, mjane anayeuza vitunguu, na kikapu chake hakimtoki miguuni. Vitanda vingine viwili vilikuwa vitupu. Sista Nakijwa, muuguzi mkuu, alinipokea mlangoni.

"Dada, sumu imepanda," alisema kwa sauti ya chini. "Moyo wa kaka unaruka mapigo. Nina saa chache za kuchezea, si zaidi. Umeshaapa?"

"Bado."

Mrutu alikuwa dirishani. Mtu mrefu, mpole, fundi wa programu tangu hajamwoa mdogo wangu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Leo mlima huu hauna feni lakini maneno hupepea.

"Nimesikia unataka kunichungulia," alisema.

"Nataka kusoma programu, shemeji."

"Iliyoapiwa."

"Iliyoapiwa na mtu mwaminifu. Kwamzava nayo iliapiwa na mtu mwaminifu."

"Usinifananishe na Kwamzava." Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu huyu ndiye aliyeuza pikipiki yake Kajiru alipougua mara ya kwanza na hakuwahi kulitaja hilo. "Mashine hizi zimefanya kazi miaka saba. Hajafa mtu kwa mkono wangu. Leo unakuja mbele ya wagonjwa, mbele ya Sista, kuniambia neno langu halitoshi. Nikirudi nyumbani nimwambie nini mdogo wako?"

"Mwambie nilikuwa na hofu."

"Hofu ni yako. Aibu ni yangu."

"Shemeji," alisema Kajiru kutoka kitandani, akingoja kwikwi ipite, "heri lawama kuliko fedheha. Mfungulie asome. Asipokuta kosa, mimi mwenyewe nitamlazimisha akupigie magoti sokoni. Nitakuja kutazama."

Mrutu hakucheka, lakini akafungua.

Tukasoma. Yeye akinyoosha kidole tu nilipouliza, nami nikisimama na kukaa na kusimama tena mpaka Sista Nakijwa akaniondolea kiti. Programu ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi kiasi cha kunitia wivu. Kiapo cha kwanza: mizunguko ya pampu haishuki chini ya sifuri. Kweli, pampu hairudi nyuma. Kiapo cha pili: muda uliopita tangu kuanza. Kweli. Cha tatu, namba ya kitanda. Niliiona shingo ya Mrutu ikinyooka kidogo kwa kila kiapo kilichosimama, na mimi nikazidi kujiona mchawi.

Nyuma yangu Sista alikuwa anamweka Kajiru kwenye mizani, kama kawaida yao kabla ya kuunganisha, ili tukimaliza asichelewe.

"Hamsini na tisa," alisema. "Kaka, umepungua. Mkavu wako ni sitini na moja."

"Mgao wa unga ni kibaba na wa maji ni kikombe, Sista. Ulitaka ninenepe kwa hewa?"

Mtu asiye na figo hawezi kutoa maji, kwa hiyo kila anachokunywa hubaki mwilini. Daktari humwandikia uzito mkavu, yaani uzito wake kama asingekuwa na maji ya ziada. Akija, mizani yenyewe huiambia mashine uzito wa leo. Mashine hutoa, na tofauti ndiyo kiasi cha maji cha kumvuta. Wagonjwa wote huja wazito. Haijawahi kutokea mlimani mgonjwa wa figo akaja mwepesi kuliko uzito wake mkavu.

Kidole changu kilikuwa juu ya mstari uliosema: uzito wa leo, toa uzito mkavu. Juu yake kiapo. Naapa mgonjwa haji mwepesi kuliko uzito wake mkavu. Mrutu.

"Mrutu," nilisema. "Chombo hiki kina alama?"

Alitazama. Akatazama mizani. Akamtazama Kajiru, ambaye alikuwa anavaa viatu vyake taratibu kama mzee, na ana miaka arobaini na sita.

"Hakina," alisema.

"Hasi mbili inakuwa nini?"

"Bilioni." Alikuwa amekwisha fika kule nilikokuwa. "Lakini kuna kikomo. Mstari unaofuata. Ikizidi lita nne, iwe lita nne."

"Kwa hiyo ingesema lita nne."

"Lita nne," alisema Sista Nakijwa nyuma yetu. Alikuwa na taulo mkononi na aliliweka chini polepole. "Lita nne ni kawaida kwa mtu aliyekosa zamu. Nisingeshtuka. Ningebonyeza."

Hapo ndipo nilipokaa, sakafuni, maana kiti kilikuwa kimeondolewa. Ingekuwa gharika ya bilioni, kengele zingelia na mtu angekimbia kuzima. Kikomo kiliichukua ile namba ya kichaa na kuivisha shati na tai. Mashine ingemvuta lita nne mtu asiye na hata kikombe cha ziada, na moyo wake, ambao tayari ulikuwa unaruka, ungekosa cha kusukuma. Na ile chai ya Mzee Senkondo ingekuwa bado haijapoa.

Mrutu alikuwa amefunika uso. "Nilipoiandika," alisema ndani ya viganja, "nani alikuwa na njaa hapa? Nani? Watu walikuwa wanatupa viazi."

Kajiru alivuka chumba kwa miguu yake dhaifu, akamwekea mkono begani. Mimi nililia pale sakafuni bila kujificha, kisha nikajifuta kwa sababu muda haukuwepo.

*

Kurekebisha mstari ule kulikuwa rahisi. Mrutu aliuhamishia kwenye chombo chenye alama na kuongeza amri: tofauti ikiwa chini ya sifuri, usivute maji, safisha damu tu. Tukaujaribu kwa uzito wa Kajiru. Ukajibu: vuta sifuri. Tukaujaribu kwa uzito wa Bi Nanzia, mara mbili. Sawa.

Tukaipeleka programu kwenye Chekeche. Ikakataa.

Si mstari ule. Mstari ule ilikuwa imeukubali. Ilikataa mingine, mia tatu na kitu: saa, vitanda, mizunguko, hesabu za taa, vitu ambavyo Mrutu alivisoma kwa sauti kimoja kimoja mpaka sauti ikampasuka. "Kitanda namba hasi umekiona wapi, shemeji? Umekiona wapi?"

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Jana, mashine yenye kosa ilikuwa na ruhusa. Leo, mashine ileile, kosa likiwa limetolewa, haina ruhusa, na aliyeinyima ni mimi.

Kulikuwa na njia ya mkato na wote wawili tuliijua. Unaweza kuilazimisha kila namba iingie chombo unachotaka, kwa nguvu, mia tatu kwa mkupuo, na Chekeche itanyamaza. Nilimwona Mrutu akiifikiria. Nilikataa kabla hajaitamka. Hicho ni kiapo kilekile kimevaa koti, tena kibaya zaidi, maana hakina hata jina la kumuuliza mtu. Na njia ya haki, kurekebisha kila mstari na kuujaribu, ilitaka siku tatu au nne. Mstari uliorekebishwa mbiombio huzaa kosa jipya mahali palipokuwa pazima.

Simu iliita. Mzee Senkondo.

"Nyavu zimezimika, pampu zimezimika, na naambiwa hospitali bado," alisema. "Namkunda, unangoja nini? Apa."

"Nimekuta kosa, mzee. Lingemuua Kajiru."

"Umelirekebisha?"

"Hilo, ndiyo."

"Basi si ndiyo unaweza kuapa?"

"Naweza kuapia hilo. Mengine sijayasoma."

"Binti yangu." Nilisikia akivuta pumzi. "Kiapo ni ili watu wapate kulala. Hakuna mtu anayejua kila kitu anachokiapia. Babu yangu aliapia mfereji gizani, mvua ikinyesha."

"Na alikwenda kulala?"

"Hapana," alisema. "Alikaa pale."

Nikamshukuru, na nilimaanisha, nikakata simu.

Tulisoma tena, mimi na Mrutu, safari hii bega kwa bega, tukichagua mistari inayogusa damu na maji peke yake. Hatukukuta kosa jingine. Tulipofika mwisho wa mistari hiyo, jua lilikuwa limeingia wodini kwa dirisha la magharibi, na Sista Nakijwa alikuwa amekuja mara ya tatu, akionyesha tu karatasi ya mapigo ya Kajiru, yenye mapengo.

Nikasimama kati ya vitanda. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya baraza, kwa sababu baraza lingeweza kunifukuza tu.

"Nisikilizeni," nilisema. "Mashine hizi zilikuwa na kosa. Kaka angelazwa leo, angekufa. Tumelitoa na tumelijaribu. Mistari mingine inayogusa damu tumeisoma, watu wawili, hatukuona kosa. Imebaki mingi ambayo sijaisoma. Mrutu anaamini haina madhara. Nami naelekea kuamini hivyo. Lakini hata ule wa kwanza, jana, ningeelekea kuamini hivyohivyo."

"Hujaona kosa, au halipo?" aliuliza Bi Nanzia.

"Sijaona, mama."

Alifikiri. Ana zamu tatu kwa wiki na hakuwa amekosa hata moja. Aliweza kungoja kidogo. Aliinuka, akachukua kikapu chake, akafunga khanga vizuri.

"Mimi nitarudi ukishaisoma yote," alisema. "Usinichukulie vibaya." Akatoka, na nikasikia ndara zake zikishuka ngazi moja moja. Sikumchukulia vibaya.

Nikaifungua sehemu ya kiapo, mahali pa jina la mkaguzi mkuu. Chekeche haisomi kiapo. Inatazama tu kama kipo. Ningeweza kuandika bei ya nyanya, ingepita. Nikaandika huku nikitamka kwa sauti, ili wenye damu wasikie:

"Naapa kwamba nimesoma mistari inayogusa damu na maji, na iliyobaki sijaisoma. Naapa kwamba sijui kilichomo. Kwa hiyo sitaondoka. Nitakaa hapa mkono ukiwa kwenye swichi, na kiapo hiki kina nguvu nikiwa nimekaa tu. Nikiinuka, mashine zizimwe. Namkunda."

"Niandike na mimi," alisema Mrutu.

Nikamwandika. Akavuta kiti upande wa pili wa mashine, akakaa, macho kwenye namba. "Lakini sijakusamehe," alisema bila kunitazama.

"Najua, shemeji."

Taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikawaka. Sista Nakijwa alikuwa tayari na sindano, lakini hakumgusa Kajiru. Alikuwa ananitazama mimi, sindano hewani, kama vile bado kuna neno moja nililobakiza ambalo lingemtuliza. Sikuwa nalo.

Kajiru alikunja mkono wa shati mpaka begani.

"Sista, mwenye mkono ni mimi," alisema, akaunyoosha.